Kuishi na LADA, kisukari cha kinga kinachokuja polepole ukubwani: mwongozo wa hatua kwa hatua

Maswali yanayonijia kuhusu kisukari hiki ni yaleyale. "Niliambiwa nina aina ya pili, nikameza vidonge, nikapunguza wanga, nikatembea kila siku, na sukari bado inapanda. Nimekosea wapi?" Au: "Majibu yanasema nina kingamwili, lakini sijaanza insulini. Sasa nina kisukari gani?" Na lile linaloulizwa kwa sauti ya chini: "Nikianza sindano ndiyo basi tena?" Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu aliyeambiwa juzi, au anayeshuku tu, na hajui aanzie wapi.

Kitu cha kwanza kushika ni kwamba ugonjwa huu haukai mahali pamoja. Dawa iliyokutosha mwaka jana inaweza isikutoshe mwaka huu ingawa hukukosa mlo wala dozi. Wapo watu waliobeba lawama kwa miaka, wakiambiwa hawafuati masharti, kumbe kongosho lilikuwa linaishiwa nguvu na hakuna aliyelipima. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kujua kila wakati umefika wapi, matibabu yabadilike kabla hujazidiwa.

Nadharia ni fupi. Katika kisukari aina ya kwanza, kinga ya mwili hushambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na kwa watoto uharibifu huo mara nyingi huenda kasi. Katika aina ya pili insulini ipo, ila mwili hauitumii vizuri. LADA ni shambulio lile la aina ya kwanza kwa mwendo wa taratibu, kwa mtu mzima ambaye mara nyingi amevuka miaka 30 na ambaye kwa angalau miezi 6 ya mwanzo anamudu bila sindano. Shirika la Afya Duniani, katika mgawanyo wake wa 2019, liliiweka kwenye kundi la aina mchanganyiko. Chama cha Kisukari cha Marekani kinaihesabu ndani ya aina ya kwanza. Wengine huiita aina ya moja na nusu. Vyovyote litakavyoandikwa jina kwenye faili lako, matibabu hufuata kiasi cha insulini ambacho kongosho lako bado linatoa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mashine ya kupima sukari, vijiti vyake ambavyo havijapitwa na tarehe, na visindano vya kutoboa kidole.
- Vijiti vya kupima ketoni, yaani asidi ambazo mwili hutoa ukichoma mafuta kwa kukosa insulini, na zikijaa kwenye damu ni hatari. Vya damu ni bora, vya mkojo vinafaa ukikosa vya damu. Vinunue ukiwa mzima, usingoje siku ya kuugua.
- Daftari, au simu kama unaandika kwayo bila kuchoka.
- Sukari ya haraka ya kubeba mfukoni au kwenye mkoba: vidonge vya glukosi, sukari ya kawaida, au pakiti ndogo ya juisi.
- Nakala za majibu yako yote ya maabara. Omba nakala kila unapopimwa, hata kama hospitali ina faili.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, pamoja na mitishamba.
- Mtu mmoja wa karibu atakayejua una ugonjwa gani na afanye nini ukizidiwa.

Hatua ya 1: Hakikisha ni LADA kweli

Kipimo cha kuanzia ni kingamwili za GAD, yaani protini za kinga zinazoonyesha kwamba mwili unalishambulia kongosho, nacho hufanyika kwa damu ya kawaida. Zikionekana kwa mtu mzima mwenye kisukari ambaye bado hatumii insulini, shaka ya LADA inakuwa kubwa. Zikikosekana na dalili bado zinaelekea huko, daktari anaweza kuagiza kingamwili nyingine kama IA-2 na ZnT8.

Unajuaje kama inafaa uombe kipimo hiki? Angalia mambo haya: kisukari kilianza kabla ya miaka 50, dalili zilikuja kwa nguvu, yaani kiu, mkojo mwingi na kukonda, hukuwa mnene, wewe mwenyewe una ugonjwa mwingine wa kinga, kwa mfano wa tezi ya thairoidi, au ndugu wa damu anao. Mambo 2 au zaidi yakikugusa, mwombe daktari akupime. Hata hivyo, wapo watu wanene wenye LADA, kwa hiyo unene peke yake usitumike kukufungia mlango.

Kiwango cha GAD kina maana pia. Kikiwa juu sana, mara nyingi kongosho huchoka mapema zaidi. Kikiwa juu kidogo tu ya mpaka, kinaweza hata kuwa jibu la uongo, na hapo daktari hulitazama pamoja na dalili zako. Kikishathibitika hakuna haja ya kukirudia kila mwaka. Fedha hiyo ipeleke kwenye kipimo cha hatua ya 3.

Hatua ya 2: Pitisha dawa zako zote kwenye ungo

Kaa na daktari, mziangalie moja baada ya nyingine. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako.

Metformini mara nyingi huendelea, hasa kama una uzito wa ziada. Ukiitumia kwa miaka, pima vitamini B12, kwa sababu inaweza kuishusha.

Vidonge vinavyolikamua kongosho, yaani familia ya glibenklamaidi, gliklazidi na glimepiridi, ndivyo vya kuuliza kwanza. Wataalamu wa kimataifa waliochapisha mwafaka wao kuhusu LADA mwaka 2020 walishauri visitumike, kwa kuwa vinaweza kuharakisha kuishiwa insulini. Watu wengi wenye LADA wamewahi kupewa, kwa sababu waliandikiwa kama wagonjwa wa aina ya pili. Kama unavimeza sasa, hilo ndilo swali lako la kwanza kliniki.

Dapagliflozini, empagliflozini na ndugu zao hutoa sukari kupitia mkojo, na zina faida kwa moyo na figo. Kwa mwenye LADA, hata hivyo, zina hatari ya pekee: ketoni zinaweza kujaa kwenye damu wakati mashine inaonyesha sukari ya kawaida au iliyopanda kidogo tu. Kama daktari ameona unazihitaji, lazima uwe na vijiti vya ketoni nyumbani, na ujue kuziacha mara unapougua, unaposhindwa kula, au kabla ya upasuaji.

*Angalizo:* usinywe kitu chochote kinachouzwa kwa ahadi ya kuliamsha kongosho upya, na usikubali kuacha insulini ili kukijaribu. Hapo ndipo watu wanapofikia kulazwa wakiwa hawajitambui.

Hatua ya 3: Pima kongosho limebaki na nini

Kipimo chenyewe kinaitwa C-peptaidi. Kongosho likitoa insulini hutoa na C-peptaidi kwa kiasi sawa, na kwa kuwa insulini ya sindano haina C-peptaidi, kipimo hiki huonyesha kile unachotengeneza mwenyewe hata kama tayari unajidunga. Naona ndicho kipimo kinachopuuzwa kuliko vyote. Watu hupimwa sukari miaka nenda rudi bila mtu kuuliza insulini yao imebaki kiasi gani.

Ule mwafaka wa 2020 uliyagawa majibu hivi:

- Chini ya 0.3 nmol/L (kama 0.9 ng/mL): insulini yako imekwisha au inakaribia kwisha. Unatibiwa kama mtu wa aina ya kwanza, kwa sindano kadhaa kwa siku.
- Kati ya 0.3 na 0.7 nmol/L: uko njia panda. Vidonge vinavyofaa vinaweza kuendelea, mara nyingi pamoja na insulini kidogo, na kipimo hurudiwa kila baada ya miezi 6 hivi.
- Zaidi ya 0.7 nmol/L (kama 2.1 ng/mL): bado una akiba. Unaweza kutibiwa kwa njia zinazokaribia aina ya pili, ukiepuka vile vidonge vya kukamua, na kipimo hurudiwa sukari ikianza kuharibika.

Omba sukari ipimwe kwa damu ya wakati uleule. Kama sukari ilikuwa imeshuka sana, C-peptaidi nayo hushuka na jibu halisomeki vizuri. Figo zikiwa dhaifu, C-peptaidi huonekana juu kuliko ilivyo. Na angalia kipimio kilichoandikwa kwenye karatasi: maabara moja hutumia nmol/L, nyingine pmol/L, nyingine ng/mL, na namba zinatofautiana sana ingawa hali ni moja. 0.3 nmol/L ndiyo 300 pmol/L.

Hatua ya 4: Jifunze kupima sukari kwa mpango

Kupima bila mpango humaliza vijiti na hakukufundishi kitu. Kama hutumii insulini bado, chagua siku 2 au 3 kwa wiki, upime kabla ya kula asubuhi na saa 2 baada ya mlo mkubwa. Kila mwezi zilinganishe namba za asubuhi na za mwezi uliopita. Zikipanda mwezi hadi mwezi huku chakula na dawa ni vilevile, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda.

Kama unatumia insulini, pima kabla ya kila mlo na kabla ya kulala, na kabla ya kuendesha gari. Malengo yanayotumika kwa watu wazima wengi ni 80 hadi 130 mg/dL kabla ya kula (4.4 hadi 7.2 mmol/L), na chini ya 180 mg/dL (10 mmol/L) baada ya kula. HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari yako kwa miezi mitatu hivi, huwekewa lengo la chini ya asilimia 7 kwa wengi. Mzee anayeishi peke yake, au mtu ambaye sukari yake hushuka mara kwa mara, atawekewa lengo legevu zaidi. Mama anayepanga ujauzito ataambiwa akaze zaidi, na aanze kabla ya kushika mimba.

Osha mikono kwa maji na sabuni, uikaushe, ndipo utoboe. Ukiwa umetoka kumenya tunda, sukari iliyobaki kidoleni inatosha kukupa namba ya kutisha. Toboa pembeni mwa ncha ya kidole, ambako maumivu ni kidogo. Andika namba pamoja na ulichokula na dozi uliyochoma. Namba iliyo peke yake haimsaidii daktari.

Hatua ya 5: Anza insulini kwa wakati, wala si kwa dharura

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kuanza insulini hakumaanishi ugonjwa umefika mwisho. Mwili wako unaanza kupungukiwa kitu ulichokuwa nacho, nawe unakirudisha. Anayeanza mapema huanza kwa dozi ndogo, huku kongosho lake bado likisaidia, na makosa madogo ya hesabu hayamwangushi sana. Anayechelewa hadi amekonda na kutapika huanzia kwenye kitanda cha hospitali, akiwa na mengi ya kujifunza kwa siku chache na mwili usio na nguvu.

Dalili kwamba wakati umefika: unapungua uzito bila kutaka, unakojoa usiku kucha, sukari ya asubuhi inapanda ingawa unatumia vidonge vyote, ketoni zinaonekana, au C-peptaidi imeteremka. Ukiwa na kiu kali na kukonda kwa pamoja, usiite hali hiyo mafanikio ya mlo.

Wengi huanza na insulini ya muda mrefu mara 1 kwa siku. Baadaye huongezwa ya milo, kwanza kwenye mlo mkubwa, halafu mingine. Kiasi huamuliwa na daktari kwa kuangalia uzito wako, sukari zako na C-peptaidi. Usinakili dozi ya mtu mwingine, hata kama mnalingana umri na kilo.

*Angalizo:* miezi ya mwanzo baada ya kuanza, sukari inaweza kutulia sana na dozi zikapunguzwa. Watu huamini wamepona, wakaacha. Hakujatokea uponyaji, kongosho limepata nafuu kwa kupunguziwa mzigo, na nafuu hiyo ina mwisho. Punguza dozi kwa maelekezo, usiiache.

Hatua ya 6: Kudunga na kuhifadhi

1. Soma jina kwenye kalamu au kichupa kila mara, kwa sauti ukiweza. Kuna insulini za muda mrefu ambazo ni angavu kama za haraka, na kuzibadilisha kwa bahati mbaya ni hatari. Zungushia moja utepe wa rangi.
2. Kama ni ya ukungu, iviringishe taratibu mara 10 kati ya viganja. Usiitikise kwa nguvu.
3. Kwa kalamu, toa yuniti 2 hewani kwanza uone tone. Kwa bomba la sindano, hakikisha maandishi ya bomba yanalingana na ya kichupa. U-40 ni yuniti 40 kwa mililita, U-100 ni yuniti 100, kwa hiyo bomba la U-40 kwa insulini ya U-100 linakuzidishia dozi mara 2 na nusu.
4. Chagua mahali: tumbo mbali kidogo na kitovu, paja, makalio, au nyuma ya mkono wa juu. Sindano ya milimita 4 huwatosha watu wazima wengi, wembamba kwa wanene.
5. Choma, sukuma hadi mwisho, hesabu hadi 10, ndipo utoe.
6. Ondoa sindano kwenye kalamu na uitupe kwenye chombo kigumu chenye kifuniko. Usiazimishe kalamu yako hata ukibadilisha sindano.

Hamisha mahali pa kuchoma kila siku, angalau upana wa kidole kutoka palipochomwa jana. Anayechoma sehemu moja kwa sababu haimuumi tena hujijengea uvimbe wa mafuta chini ya ngozi, na insulini ikiingia humo hufyonzwa ovyo: leo haifanyi kazi, kesho inakuangusha.

Insulini isiyofunguliwa hukaa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandishia. Ikiganda hata mara moja, itupe. Uliyokwisha kuifungua inaweza kukaa nje, mbali na jua na joto, kwa wiki 4 hivi kwa aina nyingi; andika tarehe ya kuifungua kwenye chombo chenyewe. Asiye na jokofu anaweza kutumia chungu cha udongo kilichowekwa ndani ya kingine, mchanga mbichi katikati, na insulini ikiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa.

Hatua ya 7: Chakula na mazoezi

Hakuna mlo maalumu wa LADA. Nusu ya sahani mboga, robo protini, robo wanga ni mwanzo mzuri kwa yeyote. Kinachobadilika ni kwamba siku utakapoanza insulini ya milo itabidi ujue kukadiria gramu za wanga, kwa sababu dozi hufuata wanga. Kwenye pakiti, soma wanga wote. Mstari wa sukari peke yake haukupi hesabu kamili. Kukata wanga karibu wote huku insulini ni kidogo mwilini kunaweza kuongeza ketoni. Ukitaka njia hiyo, mhusishe daktari kwanza.

Mazoezi hushusha sukari, na kwa mtumia insulini athari yake inaweza kuendelea hadi siku ya pili, usiku ukiwemo. Pima kabla na baada. Usifanye mazoezi ukiwa na ketoni. Pombe nayo inaweza kushusha sukari saa nyingi baada ya kunywa, hasa kwa tumbo tupu.

Hatua ya 8: Sukari ikishuka

Chini ya 70 mg/dL (3.9 mmol/L) ni kushuka, hata kama unajisikia vizuri. Chini ya 54 mg/dL (3.0 mmol/L) ni hatari. Dalili ni kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, hasira isiyo na sababu.

1. Acha unachofanya. Ukiendesha gari, egesha.
2. Kula au kunywa gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari kwenye maji, au mililita 150 hivi za juisi au soda yenye sukari. Chokoleti na vyakula vya mafuta vinachelewa.
3. Subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado chini, rudia.
4. Ikishapanda, kula kitu kidogo kama mlo uko mbali.

Mwambie mtu wako wa karibu: ukipoteza fahamu asikutie chochote kinywani. Akulaze kwa ubavu, akudunge glukagoni, homoni ya kupandisha sukari, kama ipo na amefundishwa, na aite msaada wa dharura.

Hatua ya 9: Siku unayougua

Hatua hii ichapwe na kubandikwa ukutani. Homa au maambukizi yoyote hupandisha mahitaji ya insulini, hata kama huli. Kosa linalowapeleka watu wengi hospitalini ni kusema, "Sijala, basi sichomi."

1. Usiache kamwe insulini ya muda mrefu. Ya milo ndiyo inayoweza kupunguzwa kulingana na unachokula.
2. Pima sukari kila baada ya saa 2 hadi 4, usiku pia.
3. Pima ketoni ukitapika, ukiumwa tumbo, au sukari ikizidi 250 mg/dL (14 mmol/L). Anayetumia dapagliflozini au jamaa zake apime hata kama sukari ni ya kawaida.
4. Kunywa maji kidogo kidogo kila wakati. Sukari ikiwa chini na huwezi kula, kunywa vyenye sukari.
5. Ukitapika au kuharisha, uliza mara moja kuhusu kusimamisha metformini, na acha zile dawa za kutoa sukari kwa mkojo.

Kusoma ketoni za damu: chini ya 0.6 mmol/L ni kawaida. 0.6 hadi 1.5, kunywa maji na upime tena baada ya saa 2. Zaidi ya 1.5, piga simu kliniki sasa hivi, kwani huenda ukahitaji insulini ya ziada. Zikifika 3, nenda hospitali. Nenda pia, bila kujali namba yoyote, ukishindwa kubakiza maji tumboni, ukihema kwa nguvu na kwa kina, pumzi ikinuka kama tunda lililoiva sana, au akili ikianza kusinzia.

Hatua ya 10: Vipimo vya kila mwaka

Macho kwa mtaalamu, mkojo kwa albumini (protini inayovuja figo zikianza kuumia), damu kwa figo na mafuta, shinikizo la damu kila uendapo kliniki, miguu kwa macho yako mwenyewe kila jioni.

Kwa sababu chanzo ni kinga, ongeza tezi ya thairoidi. Magonjwa yake ndiyo huandamana na LADA mara nyingi kuliko mengine. Uchovu, baridi isiyo ya kawaida, nywele kunyonyoka au moyo kwenda mbio usivihusishe na sukari tu, omba TSH, kipimo cha damu cha tezi hiyo. Tumbo linalosumbua na kuharisha kwa muda mrefu linaweza kuwa ugonjwa wa siliaki, ambao kinga hudhuru utumbo mtu akila ngano. Na kama sukari imeanza kushuka mara kwa mara bila sababu, huku unakonda na ngozi inakuwa nyeusi zaidi, daktari achunguze tezi za adrenali.

Mambo yakienda kombo

*Sukari ya asubuhi iko juu, ya usiku ilikuwa nzuri.* Pima saa tisa usiku kwa siku kadhaa. Ikiwa sawa saa hiyo na kupanda alfajiri, ni homoni za asubuhi, au insulini ya usiku haitoshi. Ikiwa chini saa hiyo, dozi ya usiku inazidi. Kuongeza dozi bila kupima usiku ni kubahatisha.

*Insulini imeacha kufanya kazi ghafla.* Fungua mpya kwanza. Kisha papasa unapochoma kama pana uvimbe. Kisha jiulize kama una maambukizi, jino bovu likiwemo, au umeanza dawa za steroidi.

*Mashine na HbA1c havikubaliani.* Upungufu wa damu, selimundu, au kuongezewa damu hivi karibuni huvuruga HbA1c. Mwambie daktari, mtumie namba za mashine au kipimo cha fruktosamini.

*Nimepima mara mbili, namba tofauti.* Hata mashine nzuri huruhusiwa kupishana na maabara kwa asilimia 15 hivi. 110 na 118 ni kitu kimoja. Zikipishana sana, osha mikono, kagua tarehe na joto la mahali unapoweka vijiti.

*Nimesahau dozi ya muda mrefu.* Usichome dozi 2 kwa mpigo. Uliza kliniki leo, kabla haijatokea, ni baada ya saa ngapi unaruhusiwa kuichoma na lini usubiri, uandike kwenye jalada la daftari.

*Nimechoma ya haraka badala ya ya muda mrefu.* Kula wanga mara moja, usibaki peke yako, pima kila dakika 15 hadi 30, na piga simu ya dharura. Hatari inaendelea kwa saa 4 hadi 5. Usilale ukidhani imepita.

*Daktari anasema kipimo cha kingamwili hakihitajiki.* Usigombane naye. Mpelekee daftari: namba za miezi 3, uzito wako ulivyoshuka, magonjwa ya kinga katika ukoo. Mwulize, "Kama isingekuwa aina ya pili, tungejuaje?" Akikataa bado, omba rufaa kwa mtaalamu wa kisukari na homoni.

*Nimelazwa kwa jambo jingine na faili linasema aina ya pili.* Mwambie kila anayekuhudumia, na mtu wako wa karibu arudie: "Kisukari chake ni cha kinga, insulini ya muda mrefu isisimamishwe hata asipokula, na apimwe ketoni." Maneno hayo yaandike kwenye kadi ndogo, pamoja na majina ya insulini zako na dozi, na kadi ikae mahali simu yako inapokaa.